Kicheko cha Lawino

Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hiyo yamfaa sana mtu anayetaka kusoma vitabu vya Okot p'Bitek, Mwacholi wa Uganda. Mtunzi huyu hakukaa barazani. Alifungua milango ya nyumba za watu, akaingia mpaka jikoni, akatuchekesha kwa yale aliyoyakuta humo: mume na mke wasiosikilizana, wanawake wawili wenye mwanamume mmoja, jiwe la kusagia, mtoto anayelia. Lakini kicheko chake si kicheko cha harusi. Msomaji acheka, na kabla hajafunga mdomo huzuni yamshika.

Leo twataka kupima kitabu chake kinachojulikana kuliko vyote, Wimbo wa Lawino, pamoja na vingine vilivyo jamaa yake. Mzazi Mkristu akikifungua, upesi ataona sababu za kukifunga. Kinamcheka padri, kinamcheka sista, kinamcheka mwalimu wa dini. Tena kimejaa maneno makali ya mwanamke juu ya mwanamke mwenziwe. Basi, je, kitabu cha namna hiyo chafaa kuwekwa juu ya meza ya Mkristu wa Kindu? Sisi twasema chafaa. Lakini yatupasa kueleza sababu, na kutaja pia mahali ambapo mtunzi ametereza.

Mtunzi na kazi yake

Okot alizaliwa Gulu, kaskazini ya Uganda, mwaka 1931. Lugha ya Waacholi ni jirani ya lugha ya ndugu zetu Waaluru wa Mahagi, katika Ituri. Mama yake alikuwa mtungaji wa nyimbo mwenye sifa. Kijana akasoma King's College Budo, akawa mwalimu na mchezaji hodari wa mpira. Timu ya Uganda ilipokwenda Uingereza katika miaka ya 1950, yeye alibaki huko kusoma: ualimu Bristol, sheria Aberystwyth, na elimu ya mila za watu Oxford. Aliporudi alifundisha Makerere na Nairobi. Alifariki Kampala mwaka 1982.

Kitabu chake cha kwanza, Lak Tar, kilitoka kwa Kiacholi mwaka 1953. Ni habari ya kijana Okeca, aliyefiwa na baba yake. Alimpenda msichana Cecilia lakini hakuwa na mahari. Akaenda Kampala kutafuta feza, akateseka na kazi, na alipokuwa akirudi kwao akaibiwa njiani. Hayo ni mambo ya kulia, lakini yameandikwa kwa namna ya kuchekesha. Hata jina kamili la kitabu lafundisha: maana yake ni kwamba weupe wa meno ndio unaotufanya tucheke hapa duniani. Yaani, ukimwona mtu anacheka usidhani hana taabu. Meno anayo, basi yanaonekana. Mwenye kushika neno hilo amepata ufunguo wa vitabu vyote vya Okot.

Wimbo wa Lawino ulichapwa Nairobi kwa Kiingereza mwaka 1966, na Kiacholi chake cha asili mwaka 1969. Mwaka 1975 Paul Sozigwa wa Tanzania aliutafsiri kwa Kiswahili, hata sisi nasi twaweza kuusoma bila mkalimani.

Habari yenyewe ni fupi. Lawino ni mwanamke wa kijijini, hakusoma shule. Zamani alikuwa kiongozi wa wasichana wa rika lake katika ngoma, na Ocol alimbembeleza sana mpaka akamwoa. Kisha Ocol akasoma, akafika Makerere, akarudi na aibu. Sasa mkewe anamchukiza. Amwita mshenzi, adharau wazazi wake, na moyo wake umehamia kwa Klementina, mwanamke wa kisasa mwenye poda usoni na rangi nyekundu midomoni. Lawino hana baraza la kumsikiliza. Basi aimba, na katika wimbo wake awaita watu wa ukoo waje kusikia.

Saa ukutani na moto jikoni

Ucheshi wa kwanza wa kitabu hiki ni wa vitu vya nyumbani, na hapo mtunzi hana mpinzani. Ocol ameleta saa kubwa nyumbani, ajivunia nayo. Lawino hajui kuisoma. Yeye anajua wakati kwa jua, kwa jogoo, kwa kazi ya shamba, kwa njaa ya mtoto. Mtoto akilia, anyonyeshwe. Akiwa na usingizi, alale. Lakini Ocol ataka kila jambo liwe na saa yake, na mgeni akija, amwuliza haraka shida yake ni nini, kana kwamba mtu hawezi kuja kusalimu tu. Twacheka, kisha twatambua kilichotuchekesha: saa imekuwa bwana wa nyumba, na bwana wa nyumba amekuwa boi wa saa.

Ndivyo ilivyo na jiko. Lawino aogopa jiko la umeme la wazungu, haelewi chungu chake kitakaaje juu yake. Lakini mara anaanza kutueleza jiko lake mwenyewe: mawe ya kusagia, kuni zinazowaka vizuri na zile zenye moshi mwingi, vyungu na mahali pa kila kimoja. Mama yeyote wa Kindu anayepika sombe juu ya mbabula atamwelewa papo hapo. Ocol asema mkewe ni mjinga. Wimbo watuonyesha mwanamke mwenye elimu kamili ya nyumba yake, isipokuwa elimu hiyo haina cheti.

Sisi Wakongomani tuna sababu ya kucheka kwa uangalifu hapa, maana Ocol alizaliwa kwetu pia. Katika miaka ya 1950, wakati wa utawala wa Wabeljiki, walikuwako wale walioitwa waevoluwe, yaani watu walioendelea. Aliyetaka karatasi ya cheo hicho alichunguzwa mpaka nyumbani kwake. Wakaguzi waliingia kutazama meza, vyombo, usafi, na jinsi alivyoishi na mkewe. Tena ziliundwa nyumba za mafundisho ya wanawake, foyers sociaux, ambamo mama alifundishwa kushona, kupika na kulea mtoto kwa taratibu za Ulaya. Mambo mema yalipatikana humo, hatukatai. Usafi umeokoa watoto wengi. Lakini mume aliyejua kwamba mgeni atakuja kumpima kwa sahani za mkewe, angemtazama mkewe kwa macho ya nani? Hapo Okot ametugusa penye kidonda. Dharau ya Ocol ina macho ya mkaguzi: amesimama mlangoni mwa nyumba yake mwenyewe akihesabu makosa.

Kuna tena jambo ambalo msomaji Mkatoliki asiliruke. Ocol ndiye Mkristu katika nyumba ile. Amebatizwa kwa majina makubwa, ahukumu ngoma za wazee kuwa dhambi, amwita mkewe mpagani. Na ni huyo huyo mwenye wanawake wawili! Lawino hafanyi hotuba juu ya jambo hilo. Aliacha mbele yetu tu, kama mtu anayeacha kiatu kibovu mlangoni ili mwenyewe akione.

Darasa la dini

Sasa tufike mahali panapouma. Lawino asimulia jinsi alivyokwenda kwenye mafundisho ya Wakatoliki wakati wa jioni. Mwalimu alikuwa amelewa, macho yake yakitazama maziwa ya wasichana. Wanafunzi walipiga kelele ya sala wasizozielewa, kama kasuku. Nje, rika lake walikuwa wakicheza ngoma kwenye mwangaza wa mwezi. Lawino akakimbia, akaenda kwao.

Katika sala zile alisikia maneno ya ajabu, kwamba Maria ni mama wa kibiongo. Asiyejua Kiacholi atadhani ni kufuru, lakini sivyo. Waacholi walikuwa na jina Rubanga, jina la pepo waliyeamini kwamba huvunja mgongo wa mtu. Wamisionari walipotafuta jina la Mungu katika lugha ile, wakachukua neno hilo hilo. Okot aliliandika jambo hilo pia katika kitabu chake cha elimu juu ya dini ya Waluo wa kati, mwaka 1971. Kwa hiyo Lawino hatukani. Asema yale ambayo sikio lake limesikia. Hata neno la Kilatini la neema liliachwa katika sala bila tafsiri, likawa sauti tupu kinywani mwa mama asiyejua Kilatini.

Kitabu hiki kilitoka mwaka mmoja baada ya kufungwa Mtaguso wa pili wa Vatikano, mwaka 1965, uliofungua mlango kwa lugha za watu katika liturujia. Na sisi Kongo tukapata misale yetu ya nchi, iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988. Kanisa limekiri, basi, kwamba sala yapaswa kueleweka na mwenye kuisali. Mkatoliki akicheka pamoja na Lawino juu ya kasuku wale, hamsaliti mama yake Kanisa.

Lakini kuna maswali yake. Lawino aliuliza: mfinyanzi huchimba udongo mahali, je, yeye aliyefinyanga vitu vyote, kabla havijakuwako, udongo wake aliuchimba wapi? Padri alikasirika. Sista alikasirika. Ocol alisema haya ni maswali ya kipumbavu, naye hawezi kuzungumza na mtu asiyesoma.

Wasomaji wapendwa, swali hilo si la kipumbavu. Mtakatifu Augustino aliliuliza karibu vile vile katika kitabu chake cha Maungamo, miaka 1600 na zaidi iliyopita: Mungu hakuumba kama fundi anayetwaa kitu kilichoko tayari, basi aliumbaje? Na jibu la Kanisa, kwamba Mungu aliumba pasipo kutwaa kitu, laweza kuelezwa kwa mama wa shamba kama kwa mtu wa Makerere, mradi yule anayeeleza aketi chini na kuwa na subira. Katika kitabu hicho hicho Augustino amtaja mtu aliyeulizwa Mungu alifanya nini kabla ya kuumba, akajibu kwa mzaha kwamba alikuwa akiwatengenezea jehanamu wadadisi. Augustino akakataa jibu la namna hiyo. Alisema kwamba kucheka ni kitu kimoja na kuona ni kitu kingine.

Twalipenda neno hilo, nalo latupa kipimo cha kumpimia Okot mwenyewe. Je, kicheko chake chaona, au chacheka tu? Katika saa na jiko, chaona. Katika darasa la dini chaona sana, ingawa kinatuumiza: mwanamke aliyekuja na swali zuri alirudishwa nyumbani nalo. Kosa si imani. Kosa ni hasira ya walioulizwa.

Klementina hana sauti

Lakini yako mahali ambapo kicheko cha Lawino hakioni. Sehemu juu ya Klementina ndiyo inayochekesha wasomaji wengi kuliko zote, na ndiyo tunayoilaumu. Midomo yake yafananishwa na kidonda kibichi na mdomo wa paka-mwitu aliyelamba damu. Poda yake yamfanya kama mchawi anayejiandaa kwa usiku. Kisha Lawino ajitetea akisema kwamba hamtukani mwenziwe wala si wivu unaounoa ulimi wake, na hapo twacheka zaidi, maana tumemsikia.

Mtunzi ni fundi, hakuna shaka. Anajua kwamba mwenye wivu hukana wivu. Lakini tutazame yule anayechekwa. Klementina ni nani? Alitoka wapi? Nani alimwambia kwamba ngozi yake haifai bila poda? Hatuambiwi. Katika kitabu chote hapewi nafasi ya kujibu neno moja. Ocol ndiye aliyevunja nyumba, na Klementina ndiye anayechapwa mbele ya watu. Wahenga walituonya: hujafa hujaumbika. Kumcheka mtu kwa mwili wake ni kazi rahisi, hata mtoto sokoni aijua.

Tena Okot ni mwanamume. Anapomtia Lawino kinywani matusi juu ya mwanamke mwingine, msomaji mwanamume hufurahi bila gharama: wanawake wawili wagombana, na yeye amekaa kitini akitazama. Hilo ndilo hatari la vitabu vyote vinavyochekesha kwa ugomvi wa wanawake. Katika nyumba nyingi zetu ni vivyo hivyo. Mume akikosa, mke mkubwa na huyo wa pili ndio wanaopigana kwenye bomba la maji, na majirani wacheka. Mwenye kosa amekwenda kunywa.

Kwa haki twapaswa kuongeza jambo moja. Mwaka 1971 Okot alitoa wimbo mwingine, wa malaya, uliochapwa pamoja na wimbo wa mfungwa katika kitabu kimoja. Kitabu hicho kilipata tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka 1972. Humo mwanamke anayedharauliwa na wote ndiye anayesema. Awataja wanaume wanaomjia usiku na kumlaani mchana, nao ni watu wa kila kazi na kila cheo. Ni kitabu kigumu, na hatungempa kijana kukisoma peke yake. Huyo mwanamke hatubu, ajisifu hata. Hapo hatuwezi kumfuata. Lakini dhambi imegawanywa sawasawa safari hii, na wanaume nao wamepewa sehemu yao. Ni kana kwamba mtunzi alisikia kilio cha Klementina, akamrudishia ulimi.

Mume anajibu

Mwaka 1970 Okot alimpa Ocol nafasi yake, katika Wimbo wa Ocol. Mtu angetazamia jibu: labda mume ataeleza mateso yake, labda atasema alikosea. Ocol amwambia mkewe akusanye vitu vyake aende zake. Kisha aigeukia Afrika yote na kuilaani, pamoja na ngozi yake mwenyewe nyeusi. Wako waliosema kwamba wimbo huu ni dhaifu kuliko ule wa kwanza. Ni kweli, nyimbo hizi mbili hazilingani. Lakini sisi twaona kwamba upungufu huo wafundisha. Mtu aliyekataa kuzungumza na mkewe kwa miaka yote hiyo, siku akipewa nafasi ya kusema hana la kumwambia ila kumfukuza. Mahali pamoja Ocol ataja kazi nzito za mwanamke wa Afrika, kufagia, kusiriba sakafu, kubeba mizigo. Auona mzigo wote. Aliye chini ya mzigo hamwoni.

Lawino naye, mwishoni mwa wimbo wake, hadai Ocol aache elimu yake. Wengi husoma vibaya hapo. Amwomba apate nafuu, aombe radhi kwa wazazi wake, kisha atulie amtazame mkewe akicheza mbele yake, aone utajiri uliomo ndani ya nyumba yake. Baada ya matusi yote yale, neno lake la mwisho ni ombi la mke kwa mume wake. Ndiyo sababu twasema kwamba kicheko chake ni cha mtu aliyekosa mahali pa kushtaki. Angelisikilizwa jikoni, asingeimba uwanjani.

Neno la mwisho

Tumeuliza mwanzoni kama kitabu hiki chafaa nyumbani mwa Mkristu. Chafaa, lakini kisomwe na wawili. Mume peke yake atamcheka Lawino kwa saa yake. Mke peke yake atamcheka Ocol kwa vitabu vyake. Wakisoma pamoja, kwa sauti, jioni baada ya kula, huenda kila mmoja akajisikia katika kinywa cha mwenziwe. Walimu wa dini nao wakisome sehemu ya maswali, kisha wajiulize: mama akiuliza hivi mbele yangu kesho, nitamjibu nini?

Nyumba zetu za Kindu zina Ocol wengi wadogo. Baba anazungumza Kifaransa na wageni na watoto, na mama akiingia na sahani, mazungumzo yanakatika. Hakuna aliyetukana, hakuna aliyepiga. Lakini mama yule anarudi jikoni, na huko, juu ya mbabula, anaanza kuwaigiza wale waliobaki mezani, na binti zake wacheka mpaka machozi. Baba akisikia kicheko hicho asiulize kwa ukali wanacheka nini. Achukue kiti, aingie nacho jikoni, akae.